Bei ya Nyanya Huamuliwa Kitaluni

Kila mwaka masika yanapokolea, mafungu ya nyanya kwenye magenge ya Dar es Salaam hunywea. Bei inayotajwa inaweza kubaki ileile, mia tano au elfu moja, lakini fungu lililokuwa na nyanya sita za kujaa kiganja hubaki na tatu ndogo, na mojawapo imeanza kulainika. Ikifika Agosti mambo hugeuka. Muuzaji humwongezea mteja bila kuombwa, na huko Ilula mkoani Iringa au Dumila mkoani Morogoro matenga hupangwa kando ya barabara kuu yakisubiri gari lisilo na haraka ya kusimama. Basi mnunuzi hulalamika sehemu moja ya mwaka, mkulima hulalamika sehemu nyingine, na wote wawili husema kweli. Ila wanapotafuta chanzo, macho yao huenda sokoni, kwa dalali na mchuuzi, au juu kwenye mawingu. Kwa maoni yangu chanzo hakiko huko. Bei ya nyanya ya Agosti huwa imekwisha kuamuliwa Aprili, siku mbegu zilipotiwa kitaluni.

Tuanze na mmea wenyewe. Mbegu ya nyanya hukaa kitaluni takriban wiki nne, kisha mche huhamishiwa shambani, na kwa aina nyingi zinazolimwa kwetu mavuno huanza kiasi cha miezi miwili na nusu hadi mitatu baada ya hapo. Mmea huu haupendi mvua za mfululizo, kwa kuwa majani yakilowa siku nyingi ugonjwa wa bakajani huingia na kuliunguza shamba zima kwa muda mfupi. Haupendi pia usiku wenye joto: halijoto ya usiku ikibaki juu ya nyuzi 21 hadi 24 hivi, maua mengi hupukutika kabla ya kufunga tunda. Ndiyo sababu jiji la pwani hulishwa na milima na nyanda za ndani, yaani Lushoto, Mgeta, Ilula, Kilimanjaro na Arusha. Tangu mwaka 2014 ameongezeka nondo kutoka Amerika ya Kusini, ambaye wakulima wamempa jina la Kantangaze, na yeye hustawi wakati wa joto na ukavu. Kipindi kinachoipendeza nyanya ni miezi ya ubaridi mkavu, kuanzia Juni hadi Septemba, mahali penye maji ya kumwagilia. Mkulima anayelenga kipindi hicho anafanya kilekile alichofundishwa na bwana shamba. Shida ni kwamba jirani zake nao wamefundishwa hivyohivyo.

Hapo ndipo wengi huhitimisha kwamba basi ni mvua, na mvua haina wa kuishtaki. Huo ni nusu ya ukweli. Mvua inaeleza kwa nini nyanya hupungua Aprili. Haielezi kwa nini Agosti ya mwaka mmoja tenga huuzwa kwa hasara na Agosti ya mwaka mwingine likaleta faida, ilhali miezi yote miwili ilikuwa mikavu. Masika huja kila mwaka. Lingekuwa suala la mvua tu, wenye mabonde yasiyofurika wangekwisha kujipanga kuvuna wakati wa uhaba, mpaka tofauti ya bei kati ya misimu ibaki ile ya gharama ya dawa na hatari ya ugonjwa. Tofauti tunayoiona ni kubwa kuliko hiyo, tena huyumba, na kinachoiyumbisha ni maamuzi ya watu.

Maamuzi hayo huenda hivi. Bei ikipanda, aliyebahatika kuwa na mavuno siku hizo huonekana kijijini: anaezeka bati, ananunua pikipiki. Majirani wanaona. Maduka ya pembejeo yanauza pakiti za mbegu chotara, waliokuwa na mahindi wanakata sehemu ya shamba, na watumishi wa mjini wanakodi ekari na kumwajiri kijana wa kumwagilia. Wote hao wanapanda kwa kutazama bei ya siku ya kupanda, lakini watauza kwa bei ya siku ya kuvuna, na kati ya siku hizo mbili kuna miezi mitatu hadi minne. Zao likitoka kwa pamoja bei inaanguka. Walioumia wanaacha, msimu unaofuata wanaopanda ni wachache, na bei inapanda upya. Mwaka 1934 mchumi Nicholas Kaldor aliuita mwenendo huu utando wa buibui, kwa sababu ukichora mistari ya bei na wingi wa zao msimu baada ya msimu, mchoro huzunguka namna hiyo. Nyanya inafaa kuwa mfano wake kuliko mazao mengi, kwa kuwa mwenye mahindi anaweza kusubiri, lakini mwenye nyanya iliyoiva ana siku chache tu.

Kuna jambo la pili linaloifanya bei iruke kuliko mzigo wenyewe, nalo liko jikoni. Anayepika mchicha au dagaa wa watu watano hutumia nyanya tatu au nne. Zikishuka bei kwa nusu hatatia nane. Zikipanda maradufu atatia mbili, au atachanganya na ya pakiti, lakini hataacha kupika. Kwa kuwa matumizi hayatanuki wala kusinyaa kwa urahisi, upungufu mdogo hupandisha bei mno na ziada ndogo huiporomosha. Hilo lilionekana zamani. Mwaka 1699 Mwingereza Charles Davenant alichapisha jedwali la ngano, linalohusishwa na mwenzake Gregory King: mavuno yakipungua kwa sehemu moja ya kumi, bei huongezeka kwa sehemu tatu za kumi, na yakipungua kwa nusu, bei huongezeka kwa mara nne na nusu ya ile ya kawaida. Tarakimu hizo ni za ngano ya Uingereza ya karne ya 17, wala si za nyanya za soko la Ilala, lakini mwelekeo ni uleule. Mkulima wa Ilula anaweza kuvuna matenga mengi kuliko mwaka jana akarudi nyumbani na fedha pungufu, bila mtu yeyote kumwibia.

Wapo watakaoyakataa maneno hayo ya mwisho. Watasema dalali ndiye mwizi. Tofauti kati ya bei ya shambani na ya gengeni ni kubwa kweli, lakini tamaa ya dalali haina msimu. Ikiwa yeye ndiye anayepandisha bei Aprili, ni kitu gani humfanya awe mpole Agosti? Ndani ya tofauti hiyo pia mna gari, mafuta, ushuru, vibarua wa kupakia na kupakua, na nyanya zinazopondeka njiani. Aliyenunua mia akafika na themanini hana budi kuzibebesha zile themanini gharama ya ishirini zilizooza. Simtetei katika kila jambo, kwani ziko dhuluma mbili zinazopaswa kukemewa waziwazi. Ya kwanza ni lumbesa, hasa kwenye viazi na vitunguu: gunia hushonewa kilemba, mkulima hulipwa gunia moja, na mjini mzigo huohuo huuzwa kwa kilo. Kanuni za vipimo zinataka mzigo usizidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo hufanya misako, lakini magunia yenye kilemba bado yanapita. Ya pili ni kupeleka mzigo mjini kwa mali kauli, mkulima akaambiwa bei baada ya kuuzwa, naye hana njia ya kuthibitisha. Dhuluma hizi humpunja mkulima wakati wa neema na wakati wa uhaba vilevile. Zikomeshwe kwa kuwa ni dhuluma. Tusitegemee tu kwamba zikikoma, fungu la Aprili litakuwa kama la Agosti.

Kitunguu kinatupa njia ya kuipima hoja hii. Hulimwa kwa umwagiliaji Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, Ruaha Mbuyuni kwenye barabara ya Iringa, na pia Singida, ambako kuna soko kubwa la Misuna. Kitaluni hukaa wiki sita hivi na shambani miezi mitatu hadi minne, kwa hiyo safari kutoka uamuzi hadi mavuno ni ndefu kuliko ya nyanya. Kinyume chake, kitunguu kilichokomaa, kikakaushwa shingo vizuri na kuwekwa kwenye banda linalopitisha hewa, hukaa miezi mitatu au zaidi. Tungetarajia bei yake itulie. Haitulii sana, kwa sababu wengi huuza siku ileile ya kung'oa: deni la mbolea linasubiri, ada ya shule inasubiri, na banda hakuna. Anayeshika mzigo huwa ni mwenye mtaji, na faida ya kungoja huwa yake. Tena kitunguu kina wateja wa mbali. Kenya hutegemea sana cha Tanzania, na Ghuba hununua popote kinapopatikana. Agosti 2023 India, ambayo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa vitunguu duniani, iliweka ushuru wa asilimia 40 kwa vitunguu vinavyotoka nchini humo. Desemba ikapiga marufuku kabisa, na marufuku hiyo ikadumu hadi Mei 2024. Wanunuzi waliozoea India wakalazimika kutafuta kwingine. Mkulima mwenye banda alikuwa na kitu cha kuwauzia. Aliyekwisha kuuza shambani aliishia kusikia habari. Kwa zao linalohifadhika, basi, banda la kijiji pamoja na mkopo mdogo wa kumvusha mkulima wiki chache ni dawa ya kweli, tena ya bei nafuu.

Lakini dawa hiyo haihamishiki kwa nyanya, na hapa natofautiana na wanaodai vyumba vya baridi kila kona. Kwa karoti, kabichi na parachichi, chumba cha baridi kina maana. Nyanya ikiwekwa chini ya nyuzi 10 hivi hudhurika kwa baridi, haiivi sawasawa na hupoteza ladha. Katika nyuzi 12 au 13, iliyochumwa ikiwa ndiyo kwanza inabadilika rangi, itasogea wiki mbili au tatu. Muda huo unatosha kumwokoa mkulima siku gari lilipokosekana. Hauvushi nyanya za Agosti hadi Aprili. Viwanda navyo vina hesabu zao. Zaidi ya asilimia 90 ya nyanya ni maji, na kilo moja ya nyanya nzito ya kopo huhitaji kilo tano au sita za nyanya mbichi. Kiwanda kinataka aina yenye nyama nyingi, kwa bei ndogo isiyobadilika, kwa miezi mingi ya mwaka. Bei ya sokoni ikipanda mkulima hupeleka mzigo sokoni, mitambo inasimama, na mwenye kiwanda hushawishika kuagiza mapipa ya nyanya iliyokwisha kusagwa kutoka nje, ambako China ni muuzaji mkubwa. Kiwanda humkinga mkulima na anguko la Agosti pale tu mkataba unapoandikwa kabla miche haijahamishwa. Kwa maneno mengine, hata kiwanda kinahitaji makubaliano ya kitaluni.

Je, serikali ipange bei? Amri ya kwamba fungu lisizidi kiasi fulani mwezi Aprili haizai nyanya hata moja. Itazipeleka nyuma ya genge, au itamfanya mkulima wa bonde aliyejasiria mvua na bakajani aone heri angelima mahindi. Bei ya chini ya lazima mwezi Agosti nayo ingemlazimu mtu anunue ziada ambayo itamwozea. Japani ilikabiliwa na tatizo la namna hii na ikachukua njia nyingine. Mwaka 1966 ilitunga sheria ya kutuliza uzalishaji na usafirishaji wa mboga. Maeneo maalumu yalitengwa kwa mboga muhimu, zikiwamo kabichi, nyanya na vitunguu, na maeneo hayo hupanga mapema kiasi cha kulima na cha kupeleka sokoni. Bei ikianguka chini ya kiwango kilichowekwa, mkulima hufidiwa kutoka mfuko uliochangiwa na serikali kuu, mikoa na wakulima wenyewe. Hatuna mfuko wa Japani, na sidai tuige yote. Ninachokichukua kwao ni mpangilio: soko liliachiwa bei, na juhudi ikawekwa kwenye kupanda.

Sisemi kwamba kila msimu usawazishwe. Mwembe una wakati wake, na neema ya maembe ya Desemba na Januari ni haki ya mtoto maskini kula tunda tamu hadi ashibe. Kwa matunda ya miti tatizo ni lingine: wakulima wa machungwa wa Muheza huuza matunda yangali maua kwa wafanyabiashara, wakiwamo wa kutoka Kenya, kwa sababu wanahitaji fedha kabla mti haujazaa. Hiyo ni shida ya mkopo, si ya kalenda. Nanasi liko kati kwa kati, kwani mkulima anaweza kulichochea kwa dawa litoe ua kwa wakati anaoutaka, na ndiyo sababu mananasi hayatutoki kabisa gengeni.

Swali linalobaki ni kama wakulima wetu wadogo wanaweza kupanga tarehe. Ramadhani inajibu kwamba wanaweza. Mwezi huo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, hata mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Tikiti maji huchukua siku 75 hadi 90 tangu kupandwa, na wakulima wanaolenga futari huhesabu kurudi nyuma kuanzia mwandamo wa mwezi, bila kuhitaji semina. Wanachokosa ni kujua wenzao wangapi wamehesabu vivyo hivyo. Kila mmoja akilenga wiki ileile peke yake, matikiti huwasili pamoja, na waliochelewa siku kumi hukuta soko limekwisha kushiba.

Kinachohitajika, basi, ni hesabu ya pamoja, na hii si ile habari ya bei inayosifiwa kila siku. Leo mkulima anaweza kuijua bei ya Ilala kwa simu kabla hajamaliza chai. Habari hiyo ni msaada kwa mwenye mzigo barabarani, lakini kwa anayetaka kupanda ni mtego, maana inamwita pale ambapo wote wanaitwa. Anachopaswa kujua ni miche mingapi iko kitaluni Lushoto, Mgeta, Ilula na Dumila wiki hii. Habari hizo zipo, ila zimetawanyika. Duka la pembejeo linajua limeuza pakiti ngapi. Wenye vitalu vya biashara wanajua oda zao. Afisa ugani wa kata akizunguka siku mbili ataviona vitalu karibu vyote vya bonde lake. Zikikusanywa na kujumlishwa, tunapata picha ya soko miezi mitatu kabla halijafika.

Itasemwa kwamba wakulima wakisikia miche ni mingi watakimbia wote, na ziada igeuke uhaba. Ingekuwa hivyo kama hesabu ingetolewa mara moja kwa mwaka. Ikitolewa kila wiki, wanaokimbia nao wataonekana, na aliyeahirisha kusia mbegu mwanzoni mwa Mei ataiona nafasi mwishoni mwake. Wapo wasio na hiari ya tarehe, kama wenye zamu ya mfereji au shamba la kukodi, lakini hao wanaweza kubadili zao, wakaweka pilipili hoho, tango au maharage badala ya nyanya. Pingamizi zito zaidi ni la hofu: mkulima akiulizwa idadi ya miche hufikiria ushuru. Hofu hiyo ina sababu, na jibu lake ni kuihesabu miche kwa bonde bila majina ya watu, na kumkataza anayekusanya ushuru asiguse daftari hilo. Nchi ina bahati ya kuwa na mvua za aina mbili, kusini msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili, kaskazini na pwani vuli na masika, kwa hiyo mabonde yanaweza kupokezana ikiwa kila moja linajua mwenzake yuko wapi. Nyanya ya Aprili bado itagharimu zaidi, kwa matuta yaliyoinuliwa, matandazo na dawa za ukungu, na ni haki mlaji alipie gharama hiyo. Asichostahili kulipia ni kutojuana kwa wakulima.

Kazi hii haihitaji mradi wa wafadhili wala jengo jipya. Halmashauri za Kilolo, Kilosa, Mvomero na Lushoto ziwape maofisa ugani wao daftari la miche kuanzia msimu ujao wa kusia, wenye maduka ya pembejeo watoe idadi ya pakiti wanazouza, na redio za mikoa zisome jumla ya kila bonde kila Jumatatu asubuhi, saa ambayo mkulima hajatoka nyumbani.